Dakika Arobaini hadi Lugeza

Nchi yenyewe tuiache bila jina, wasije wenyewe wakasoma wakajiona. Ilikuwa na miji miwili mikubwa: Utukuzo, walikokaa wakubwa, na Lugeza, walikokaa watu. Kwa ndege, kati ya Utukuzo na Lugeza ni kilomita elfu moja na mia moja, na ndege zao zile za mapangaboi zilitumia saa mbili na dakika kumi. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu, mpaka siku Mtukufu Kiongozi aliposinzia.

Siku hiyo alikwenda Lugeza kufungua jengo la abiria, ambalo lilikuwa limeshafunguliwa mara mbili. Ndani ya ndege akala kuku, akanywa alichokunywa, akalala. Alipoamka, magurudumu yanagusa ardhi. Chini akakuta wageni na kamera, na mgeni mmoja akamuuliza, kwa adabu tu, kutoka Utukuzo ni mwendo gani.

Mtukufu akajikuna shavu. "Dakika arobaini," akasema.

Nyuma yake walisimama mawaziri kumi na saba ambao hawakulala. Wote wakatazama saa zao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakazirekebisha.

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Umbali. Wataalamu wake wakapiga hesabu kutoka mwisho kuja mwanzo: ikiwa ndege hii inakwenda hivi kwa dakika moja, basi kwa dakika arobaini inakwenda kilomita mia tatu na arobaini. Kilomita mia saba na sitini zilizobaki zikafutwa katika gazeti la serikali. Wilaya tatu zilizokuwa katikati ziliandikiwa barua zijieleze zilikuwa zimekaa wapi muda wote huo. Mwalimu mmoja wa jiografia alipoonekana akipima ramani kwa rula mbele ya wanafunzi, alipewa uhamisho kwenda katika mojawapo ya wilaya hizo zilizofutwa, na mpaka leo anatafutiwa gari la kumpeleka.

Ndege nazo zilipaswa kutii. Mafuta yaliandikwa ni ya dakika arobaini, na yale mengine, yaliyozuia watu kuanguka, yaliandikwa kuwa maji ya kunawia. Dakika ya arobaini ikitimia, popote ndege ilipo, rubani alitangaza kuwa imewasili Lugeza. Abiria walipiga makofi, walisimama na mizigo yao, na kuanzia hapo walihesabiwa kuwa wanashuka. Kushuka kulichukua saa moja na nusu. Serikali ilisikitishwa sana na uvivu wa wananchi katika kushuka, ikatunga fomu, na kila abiria alitia sahihi kukiri kwamba amechelewa kutoka ndani ya ndege kwa uzembe wake mwenyewe.

Watu walitia sahihi. Mtu ana mkutano, mwingine ana msiba, nani atakaa angani kubishana?

Sikudhani alikuwa muuguzi wa benki ya damu katika hospitali kuu ya Utukuzo. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye tabia ya kupasha viganja vyake joto kabla ya kumgusa mgonjwa. Kazi yake nyingine ilikuwa kupeleka damu Lugeza ilipohitajika, na kwa kazi hiyo alipewa deli, lile sanduku la kuhifadhia vitu vya baridi, pamoja na barafu kwa mujibu wa sheria. Sheria ilisema kipande kimoja kwa kila dakika nne za safari. Dakika arobaini, vipande kumi. Ilikuwa barafu nzuri ya mashine ya hospitali, vipande vya mviringo vyenye tundu katikati.

Mara nne alikuwa amebeba damu kwenda Lugeza kwa vipande kumi. Mara zote nne barafu iliyeyuka njiani, damu ikapata joto, ikamwagwa. Mara zote nne alirudi na deli tupu mapajani, akitazama mawingu yaliyokuwa juu ya wilaya zisizokuwepo.

Jumanne hiyo simu iliita mapema. Lugeza kulikuwa na mama aitwaye Zawena, amejifungua mapacha jana yake na damu haijakatika. Damu yake ilikuwa ya aina adimu, Lugeza nzima haipo. Utukuzo ilikuwepo mifuko mitatu.

"Atangoja mpaka saa ngapi?" Sikudhani aliuliza.

"Adhuhuri," ilijibu sauti ya Sista Ferista, msimamizi wa wodi ya wazazi kule. "Tukimwomba Mungu sana, adhuhuri."

Sikudhani akaenda stoo na deli lake. Mtunza stoo, Bwana Chomboko, akahesabu vipande kumi.

"Kaka, niongeze," Sikudhani akasema. "Safari hii niongeze."

"Dada yangu, hicho cha kumi na moja nitakiandika nini? Kwamba nchi ni kubwa kuliko alivyosema Mtukufu?"

"Andika kimeanguka."

"Kikianguka kunakuja tume." Bwana Chomboko akautazama mlango, akamtazama Sikudhani, halafu akageuka ukutani akaanza kukohoa. Alikohoa muda mrefu kuliko mtu mwenye kifua, na jokofu alikuwa ameliacha wazi. Sikudhani akachota vipande vitano, akafunika deli.

"Pole na kikohozi," akasema.

"Kinanisumbua sana Jumanne," Bwana Chomboko akajibu, bado ametazama ukuta.

Ndege iliondoka saa tatu kamili. Sikudhani aliketi na deli miguuni, na kando yake aliketi bibi mmoja mkavu, mwembamba, mwenye kikapu kikubwa kilichofunikwa gunia. Jina lake Bibi Nyamizi. Alikuwa anakwenda Lugeza kuwaona wajukuu zake, na katika kikapu aliwabebea barafu za ubuyu, zile nyekundu za kugandisha kwenye vifuko vya nailoni.

"Zitafika, bibi?" Sikudhani akauliza.

"Zitafika. Nimezilaza kwenye maranda ya seremala, juu magazeti, juu gunia. Hivyo ndivyo marehemu baba yangu alivyokuwa akisafirisha barafu ya wavuvi wa ziwani, siku mbili barabarani haidondoki tone." Akamsogelea sikioni. "Mimi ninaijua njia hii tangu haijafupishwa, mwanangu."

Saa tatu na dakika arobaini, kipaza sauti kikakwaruza. "Ndugu abiria," alisema rubani, kwa sauti ya mtu anayesoma adhabu yake, "tumewasili Lugeza. Hali ya hewa ni nzuri. Mnaombwa kushuka bila kuzubaa."

Dirishani kulikuwa na mawingu na, chini kabisa, msitu. Abiria wakapiga makofi, wakasimama, wakashusha mizigo. Kwa kuwa safari imekwisha, maji yakaacha kugawiwa na kipoza hewa kikazimwa. Joto likaanza kupanda. Kutoka mbele akajitokeza Mkaguzi wa Kuwasili, Bwana Kihampa, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akigawa fomu za uzembe na kalamu iliyofungwa kamba.

"Tusogee, tusogee! Watu wanaongoja kuwapokea wana kazi zao!"

"Tusogee wapi, mheshimiwa?" akauliza bwana mmoja mnene aliyebanwa kwenye ujia. "Mbele yako kuna rubani."

"Hilo nalo nitaliandika," Bwana Kihampa akasema, na akaliandika.

Saa nne na robo Sikudhani alifungua deli. Vipande kumi na vitano vilikuwa vimebaki sita, na vile sita vimekuwa vyembamba kama pete, maana barafu yenye tundu katikati huliwa na joto ndani na nje. Akagusa mfuko wa damu. Ulikuwa baridi bado, lakini ile baridi ya kuaga. Akafunika haraka.

"Una nini humo?" akauliza Bibi Nyamizi.

"Damu, bibi. Ya mzazi. Ana mapacha."

Bibi Nyamizi hakuuliza la pili. Alikitua kikapu kwenye kiti, akafunua gunia, akapekua maranda, akaanza kutoa barafu zake mbili mbili, nyekundu, ngumu kama mawe, zinatoa moshi wa baridi. "Fungua. Panga chini kwanza, halafu pembeni. Usiziweke juu ya damu bila kitambaa, utaiunguza. Shika kitambaa changu."

"Na wajukuu?"

"Wajukuu watakula hadithi yake. Panga, mwanangu."

Walikuwa wameshapanga kumi na mbili wakati kivuli cha shati jeupe kilipowaangukia.

"Nini kinaendelea hapa?"

"Nampa mwenzangu barafu, baba," akasema Bibi Nyamizi.

Bwana Kihampa alichukua kifuko kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. "Hii ilipandishwa ndegeni kama chakula cha watoto. Safari imekwisha. Chakula cha watoto hakiwezi kugeuka kifaa cha hospitali baada ya kuwasili. Kinyume cha taratibu."

"Baba, kuna mtu anakufa."

"Hajafa ndani ya ndege hii, kwa hiyo si eneo langu." Akakaa kwenye mkono wa kiti, akatoboa pembe ya kifuko kwa jino. "Hii nachukua kwa uchunguzi."

Akaichunguza. Aliifyonza kwa sauti, macho kayafumba, na abiria wote waliokuwa wamesimama na joto lao wakamtazama koo likipanda na kushuka. Maji mekundu yakamchuruzika kidevuni, yakashuka shingoni, yakaingia kwenye kola ya lile shati. Alipomaliza alijilamba vidole, kimoja kimoja, hadi kile cha pete, akanyoosha mkono kwenye kikapu akachukua ya pili.

"Uchunguzi wa moja hautoshi," akasema.

Sikudhani alikuwa ameona mengi kazini. Alikuwa ameona usaha, ameona vidonda vya kuoza, na havijawahi kumfanya ageuze uso. Sasa aligeuza.

Bwana Kihampa alichunguza nne. Ya tano alikuwa ameshaishika ndipo yule bwana mnene wa kwenye ujia alipoteremsha begi lake juu ya kiatu cha mkaguzi, likatua kwa kishindo.

"Samahani sana, mheshimiwa. Nilikuwa nashuka."

Mkaguzi akachechemea kwenda mbele kutafuta fomu ya shambulio. Alipokuwa kule, hakuna aliyetoa amri, lakini watu walisogea. Bwana yule mnene akatoa soda iliyokuwa bado na ubaridi, akaiingiza pembeni ya deli. Mama mmoja akalowesha upande wa kanga yake kwa maji ya chupa ya mtoto, akalifunika deli zima. Upande wa dirisha jua lilipiga moja kwa moja, basi wakasimama pale bega kwa bega, migongo juani, wakatengeneza kivuli. Walisimama hivyo zaidi ya nusu saa. Jasho liliwatoka likalowesha viatu. Hakuna aliyekaa.

Saa tano na dakika kumi ndege ilitua Lugeza, ambako kwa mujibu wa sheria ilikuwa imekaa tangu saa tatu na dakika arobaini.

Saa tano na nusu Sikudhani alikuwa wodini. Sista Ferista alimpokea deli mlangoni, na pamoja naye alisimama Mganga Mkuu wa hospitali, mtu mzuri aliyezeeshwa na woga, akiwa ameshika karatasi ya uwanja wa ndege.

"Hapa pameandikwa damu imewasili saa tatu na arobaini," akasema. "Sasa ni saa tano na nusu. Damu iliyokaa zaidi ya nusu saa baada ya kuwasili ni mbovu. Imwagwe."

"Haikukaa popote, daktari," Sikudhani akasema. "Ilikuwa angani."

"Angani kufanya nini, wakati imeshafika?"

Nyuma ya pazia mtoto mmoja alilia, na wa pili akamfuata.

Sista Ferista alifungua deli. Harufu ya ubuyu ikajaa chumbani. Akatumbukiza kipimajoto, akasoma, akaongeza kutumbukiza mkono wake mzima kati ya vile vifuko vyekundu. "Baridi barabara. Kipimo kinasema, na mkono wangu unasema."

"Kipimo chako na mkono wako havikupitishwa na Wizara, Sista! Nikiandika damu ni nzima, nimeandika kuwa ndege ilichukua saa mbili na zaidi. Nina watoto watano mimi!"

"Na yule pale ana wawili. Wa tangu jana."

Mganga Mkuu alitazama pazia. Kisha akatoa kalamu. "Basi, Sista. Tuandike imemwagwa."

"Tuandike. Imemwagwa wapi, daktari? Fomu inataka mahali."

Mganga Mkuu akashusha kalamu kwenye karatasi. "Wodi ya wazazi," akasema polepole. "Kitanda namba saba."

"Kwa utaratibu gani?"

"Tone kwa tone," akasema, akaweka sahihi, akatoka nje haraka kama aliyeiba.

Mifuko yote mitatu ikamwagwa ndani ya mshipa wa Zawena, tone kwa tone, na saa kumi jioni akafumbua macho akaomba uji.

Hadithi ingeishia hapo katika nchi nyingine. Katika nchi ile, mzazi aliyepona alikuwa mali ya serikali.

Baada ya wiki tatu Waziri wa Umbali aliandaa sherehe katika ukumbi wa Utukuzo. Zawena aliletwa na mapacha wake, Sikudhani akaketishwa mstari wa mbele, na Waziri akahutubia kwa muda uliotosha kwenda Lugeza kweli.

"Wapinga maendeleo walisema dakika arobaini haiwezekani!" aliunguruma. "Huyu hapa mama! Angekuwa hai kama safari ingekuwa ndefu? Umbali umeshindwa! Na kwa kuwa umeshindwa, hatutaupa nafasi ya kupumua. Kuanzia leo, kutoka Utukuzo hadi Lugeza ni dakika thelathini na tano!"

Makofi yakapigwa. Zawena akasogezewa kipaza sauti atoe shukrani zake. Alikuwa bado mweupe midomoni.

"Asante," akasema, "kwa yule bibi wa ubuyu, na kwa wale waliosimama juani."

Redio ya taifa ilirusha neno la kwanza, ikaweka muziki.

Sikudhani alipewa bahasha mbili. Moja ilikuwa na hati ya sifa kwa kufikisha damu katika dakika arobaini. Nyingine ilikuwa na wito wa kujibu shitaka la kuchelewa kushuka kwa dakika tisini. Zote zilitiwa sahihi na mtu mmoja, siku moja, kwa wino mmoja. Waziri akampa mkono, mkono laini, wenye unyevu, halafu akainua bilauri ya kinywaji kumpongeza.

Ndani ya bilauri ile vipande vya barafu viligongana. Vilikuwa vya mviringo, vyenye tundu katikati.

Sikudhani akatazama meza nzima. Bilauri zote. Kwenye beseni la shaba barafu ilijaa mpaka ikamwagika, na nyuma ya beseni Bwana Kihampa, aliyepandishwa cheo, alikuwa akichota kwa mkono. Alivaa shati lilelile. Kwenye kola palikuwa na doa jekundu ambalo pasi haikuliweza.

"Kunywa, dada," akasema. "Iko nyingi."

"Sina kiu," Sikudhani akasema. Nyumbani aliunawa ule mkono ulioshikwa na Waziri kwa sabuni mara tatu, kisha akausugua kwa majivu, na bado usiku huo hakula chakula kwa mkono ule.

Ripoti ya Bwana Kihampa ilisomwa na wakubwa kwa makini. Ilikuwa imeeleza kila kitu: ubuyu, soda, kanga, kivuli. Mwezi uliofuata ukaja waraka. Kwa kuwa wananchi wameonyesha moyo wa kujitolea barafu wao wenyewe, waraka ulisema, serikali imeona fahari kufuta mgawo wa barafu wa hospitali, ili isije ikawaingilia wananchi katika wema wao. Bwana Chomboko wa stoo alimsomea Sikudhani waraka huo mara mbili. Safari hii hakukohoa. Hakukuwa na cha kukoholea.

Tangu hapo Sikudhani alisafiri na deli lisilo na kitu ila damu. Na kila alipoingia ndegeni, watu walikuwa wamekuja na vyao. Huyu chupa ya maji aliyoigandisha, yule kopo la maziwa mgando, mwingine samaki wa barafu ndani ya gazeti. Walimpitishia kutoka kiti hadi kiti bila neno, kabla hata ya rubani kutangaza kuwa wamefika. Aliwashukuru mmoja mmoja kwa kuwatazama machoni. Lakini alijua kila tone la wema ule lilikuwa likihesabiwa na watu wenye vidole vya kunata, ili kesho wao wenyewe watoe pungufu zaidi.

Ulipita mwaka. Asubuhi moja alimkuta Bibi Nyamizi kwenye kiti kilekile, na kikapu kilekile. Safari hiyo damu ilikuwa ya binti aliyegongwa na gari. Bibi hakungoja kuombwa. Alifunua gunia, akapekua maranda, akaanza kupanga.

"Bibi, leo bakiza hata mbili," Sikudhani akamsihi. "Hata moja wagawane."

Bibi Nyamizi aliendelea kupanga, za chini kwanza, halafu za pembeni, kitambaa juu. "Hii ni mara ya sita nawaletea," akasema. "Kila nikifika nawaambia nilikuwa nazo, kumi na nane, nyekundu, zimeishia njiani. Wananiuliza: bibi, si ni dakika thelathini na tano tu? Zinaishiaje?"

Akafunika deli, akalibana kwa magoti yake yote mawili.

"Wajukuu zangu wanajua kusoma sasa. Wamefundishwa umbali shuleni. Wameshaanza kuambiana kwamba bibi yao ni mwongo."